Jinsi ya Kuijibu kwa Maandishi Tawasifu ya Bibi Salme wa Zanzibar

Mwaka 1886 kilichapishwa mjini Berlin, kwa Kijerumani, kitabu cha kumbukumbu za mwanamke aliyezaliwa mwaka 1844 katika jumba la Mtoni, Unguja, kwa jina la Salme binti Said, na ambaye kufikia wakati huo alijulikana huko Ujerumani kwa jina la Emily Ruete. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa utotoni katika nchi ya milima ya Kaukazi. Mwaka 1866, akiwa na mimba ya mfanyabiashara wa Hamburg aliyeitwa Heinrich Ruete, Salme alitoroka kwa manowari ya Kiingereza hadi Aden, na huko, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa na kuolewa siku hiyo hiyo. Mwaka 1870 mume wake alifariki kwa ajali ya tramu mjini Hamburg, akamwachia watoto watatu wadogo katika nchi ya ugenini.

Wasomaji wa Afrika Mashariki wanapoandika kuhusu kitabu hiki, mara nyingi hufuata mojawapo ya njia mbili. Wapo wanaokigeuza kuwa hadithi ya mapenzi ya binti mfalme na kijana wa Kizungu, na wapo wanaomhukumu mwandishi, ama kwa kuacha dini yake ama kwa kuutetea utumwa, kisha wakamaliza. Njia zote mbili zinamruhusu msomaji asijitaje hata kidogo. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika mwitikio binafsi, yaani maandishi ambamo anamjibu Salme kwa kutumia maisha yake mwenyewe na historia ya ukoo wake, bila kukiacha kitabu nyuma na bila kukifanya kisingizio cha kujieleza. Ninaamini kwamba mwitikio wa namna hiyo unawezekana tu pale mwandishi anapokubali kujibu swali moja gumu: mimi na watu wangu tungekuwa wapi katika nyumba ile?

Kusoma kwa ajili ya kujibu

Soma kitabu chote kwanza bila kuandika lolote, hata kama sura za mavazi, sherehe na dawa zinaonekana kukuchelewesha. Katika kusoma mara ya pili, weka daftari karibu na uandike kila mahali ulipokwama: palipokukera, palipokuaibisha, palipokukumbusha mtu wa kwenu, na palipokufanya utake kufunga kitabu. Usiandike mahali palipokupendeza tu. Sifa kwa jumba la Mtoni, na tausi na bustani zake, hazitakupatia mwitikio wa kusomeka, kwa sababu karibu kila msomaji anazipenda kwa namna ile ile.

Kumbuka pia Salme alikuwa anamwandikia nani. Katika dibaji anaeleza kwamba alianza kuandika miaka 9 kabla ya kuchapisha, kwa ajili ya watoto wake, ambao hawakujua mengi kuhusu asili yake zaidi ya kwamba mama yao alikuwa Mwarabu wa Zanzibar. Baadaye kitabu kikawafikia wasomaji wa Kijerumani, katika miaka ile ile ambayo Ujerumani ilikuwa ikitafuta makoloni katika Afrika Mashariki. Kwa hiyo kuna wasikilizaji wawili katika kila ukurasa. Mama anawaeleza watoto wake kuhusu babu yao, na papo hapo mwanamke kutoka Mashariki anajitetea mbele ya watu wa Ulaya wanaoidharau jamii aliyotoka. Anapotetea hadhi ya mwanamke wa Kiarabu au anapotaja ubaya wa miji ya Ulaya, jiulize ni msikilizaji yupi anayejibiwa hapo, na kama wewe, msomaji wa Kiswahili wa leo, umo miongoni mwao. Jibu la kweli ni kwamba wewe hauko miongoni mwao. Hilo si tusi. Linakupa uhuru wa kusema yale ambayo wale wasikilizaji wawili hawakuweza kumwambia.

Andika pia yale ambayo kitabu kinayanyamazia. Mimba iliyomlazimisha kutoroka haisemwi, wala mtoto wa kwanza aliyezaliwa Aden na kufariki akiwa bado mchanga. Kubatizwa kwake kunapita kwa maneno machache sana ukilinganisha na kurasa zinazoeleza jinsi Idi ilivyosherehekewa. Mengi zaidi kuhusu huzuni ya miaka ya Hamburg yamo katika barua alizoandika na ambazo hazikuchapishwa akiwa hai. Ukiwa na nafasi ya kuzisoma, zisome baada ya kitabu, kwa maana zinaonyesha jinsi mtu mmoja anavyoweza kuuelezea mwaka ule ule kwa sauti mbili tofauti.

Tafuta mahali pako katika nyumba ile

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na ninakushauri uipe muda mrefu kuliko hatua nyingine zote.

Salme anakadiria kwamba watu wapatao elfu moja walikaa Mtoni. Baadhi yao anawataja kwa majina na kuwachora kwa upendo au kwa hasira: baba yake, mama yake, bibi mkuu Azza binti Seif ambaye hakuzaa na ambaye watu wote wa nyumba walimwogopa, kaka yake Majid, dada yake Khole, na Barghash, aliyekuja kuwa Sultani. Wengine wengi hawana majina. Wanapika, wanateka maji, wanafua, wanapepea, wanapiga makasia, wanawabeba watoto wa bwana. Fanya orodha mbili katika daftari lako, moja ya wenye majina na nyingine ya wasio na majina, kisha ujiulize kwa utulivu ni orodha ipi iliyo karibu zaidi na watu uliotokana nao. Msomaji ambaye ukoo wake ulifika Unguja ukiwa umefungwa kamba kutoka Kilwa hawezi kumsoma Salme kwa nafasi ile ile aliyo nayo mjukuu wa mwenye shamba la karafuu, na wote wawili hawamsomi kama anavyomsoma Mhadimu wa Makunduchi, Mhindi wa Mkunazini, Mmanyema wa Kigoma au mtoto wa Kizanzibari aliyekulia Maskati. Kila mmoja wao ana mwitikio wa haki, mradi aseme anasimama wapi.

Jambo linaloifanya kazi hii kuwa ngumu, na pia yenye thamani, ni kwamba nyumba ile haikuwa na mstari ulionyooka kati ya bwana na mtumwa. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyezaliwa na suria, baba akimkubali, alikuwa huru na mrithi kamili, naye mama hakuweza tena kuuzwa. Salme mwenyewe, binti wa Sultani, alizaliwa na mwanamke aliyekuwa ameingia nyumbani akiwa mali ya mtu. Watoto wa Sayyid Said walikuwa na mama wa Kicherkesi, wa Kihabeshi na wa asili nyinginezo, na rangi zao zilitofautiana. Salme anakumbuka kwamba watoto wa akina mama wa Kihabeshi waliwaita watoto wa akina mama wa Kicherkesi paka, kwa sababu baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Anakumbuka pia kwamba mbele ya baba yao kilisemwa Kiarabu tupu, lakini alipogeuza mgongo zilisikika lugha za kila namna, Kiswahili kikiwa miongoni mwao. Ukiandika kuhusu rangi katika kitabu hiki, anzia kwenye mambo madogo kama hayo. Yanaonyesha kwamba wivu wa rangi na asili ulikuwapo mezani na uwanjani kati ya ndugu wa baba mmoja, na yatakusaidia kuuliza ni majina gani ya utani yaliyotumika uwanjani kwenu, nani aliitwa hivyo, na nani alicheka.

Ili ujue mahali pa watu wako, itabidi uwaulize wazee. Usianze kwa kumuuliza bibi yako kama ukoo wenu ulitokana na watumwa. Swali hilo limefungwa kwa haya ya vizazi vingi, na huenda likafunga mazungumzo yote. Uliza kuhusu mambo yanayoonekana. Bibi yake alizikwa wapi, na shamba lile lilikuwa la nani? Alipoolewa, wali wake, yaani msimamizi wa kumwozesha, alikuwa nani? Swali hilo la wali lina uzito mkubwa kuliko linavyosikika, kwa kuwa mwanamke aliyeachwa huru na asiye na ndugu wa kiume aliweza kuozeshwa na bwana wake wa zamani au mrithi wake, na uhusiano huo wa ulaa, yaani kati ya bwana na aliyemwacha huru, ulihusu hata mirathi. Ukoo unaotaja wali asiye wa damu bila kueleza alikujaje unaweza kuwa unakupa ufunguo. Uliza pia jina la kabila lililoandikwa katika vyeti vya zamani, na kama vyeti vya miaka ya baadaye vinaafikiana nalo. Huko Zanzibar, wengi waliojiita Waswahili mwanzoni mwa karne ya 20 walijiandikisha baadaye kuwa Wahadimu au Washirazi, na kila badiliko kama hilo lilikuwa na sababu zake za ardhi, heshima au siasa.

Utakapoipata nasaba ya ukoo wenu, iwe imeandikwa au inasomwa kwa moyo, tazama akina mama. Nasaba nyingi za pwani hupanda kutoka baba kwenda kwa baba mpaka Oman, Hadhramaut au Shirazi, na wanawake waliowazaa watu hao wote hawamo. Salme ana sifa hii kubwa, kwamba alimweka mama yake katikati ya kitabu chake. Ikiwa hujui jina la mama wa babu yako, hilo ni jambo la kuandikwa. Iandike kama ilivyo, bila kubuni jina, na bila kujaza pengo kwa hadithi ya kupendeza.

Kuna tarehe mbili zinazofaa kukaa karibu nawe unapofanya kazi hii. Amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba iliwaweka masuria kando, ikiwahesabu kama wake, na ikawabidi wasubiri hadi sheria ya mwaka 1909. Maana yake ni kwamba mwanamke wa hali aliyokuwa nayo Jilfidan aliweza kuwa hai katika kumbukumbu za watu waliowalea wazazi au babu zetu. Mambo haya hayako mbali nasi kama tunavyopenda kuyaweka.

Mlango wa utumwa

Hakuna msomaji anayeweza kuandika mwitikio wa haki akaruka mlango, yaani sura, ambamo Salme anauzungumzia utumwa. Humo anadai kwamba watumwa wa Waarabu walitunzwa vizuri, kwamba utumwa ulikuwa desturi ya kale isiyofaa kukatwa ghafla, na kwamba Waingereza waliokazana kuukomesha hawakujua walilolifanya. Anarudia pia madai ya uvivu wa watu weusi. Msomaji mwenye asili ya Afrika atasoma kurasa hizo akiwa na hasira, na ana haki ya kuwa nayo. Shida ni namna ya kuiandika ili imfikie msomaji wa pili.

Kwanza, eleza hoja zake kwa uaminifu kabla ya kuzijibu. Usimpunguzie wala usimzidishie. Kisha jihadhari na ile kauli ya kwamba alikuwa mtu wa wakati wake. Wakati wake ulikuwa na watu wengi. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa Juni 1873 uliotiwa saini na kaka yake mwenyewe, Barghash, kwa shinikizo la Uingereza, miaka 13 kabla ya kitabu kutoka, na kanisa kuu la Kianglikana likajengwa mahali pale pale Mkunazini. Mwaka 1875 kilianzishwa kijiji cha Frere Town karibu na Mombasa kwa ajili ya watu waliokombolewa, nao watoro wa mashamba ya pwani walikuwa wakikimbilia misheni ya Rabai. Watumwa wenyewe walikuwa watu wa wakati ule ule, na kwa miguu yao walishasema walichofikiri kuhusu kutunzwa vizuri. Ukiandika kana kwamba karne nzima iliona kama Salme alivyoona, utakuwa umewafuta tena wale wa orodha ya pili.

Halafu rudi kwenye sura anayomweleza mama yake. Anasimulia kwamba vita vilipoingia nchini kwao wazazi wa Jilfidan waliuawa, na mtoto akachukuliwa. Alifika katika nyumba ya Sayyid Said akiwa mdogo kiasi kwamba jino lake la kwanza la utoto aling'okea humo. Salme anayaandika hayo kwa uchungu wa mtoto anayempenda mama yake. Weka ukurasa huo karibu na mlango wa utumwa, uisome sehemu moja baada ya nyingine, na utaona kwamba mwandishi yule yule aliyemlilia msichana mmoja aliyetekwa hakuweza kuwaona wasichana wengine waliotekwa Nyasa au Uyao na kuletwa kisiwani kwa njia isiyo tofauti sana. Kwa maoni yangu hapo ndipo kitovu cha kitabu, ingawa mwandishi hakupakusudia. Mwitikio ulioanzia hapo hautahitaji matusi, na hautahitaji pia kumsamehe kwa niaba ya watu ambao hawakukutuma.

Jambo jingine ni siasa zilizokuja baadaye. Anayeandika akiwa Zanzibar, au akiwa mtoto wa waliohama Zanzibar, anakisoma kitabu hiki akiwa na Januari 1964 kichwani, iwe ukoo wake uliyashangilia Mapinduzi au uliondoka kwa mashua usiku. Usijifanye kwamba hilo halipo. Litaje pale linapoathiri usomaji wako, kisha urudi kwenye kitabu. Ukurasa mmoja wa Salme hauwezi kubeba mjadala wote wa vyama vya Hizbu na Afro-Shirazi, na msomaji wako atakuacha ukijaribu. Wala usiwageuze Waarabu wote kuwa mabwana na Waafrika wote kuwa watumwa, kwa maana kitabu chenyewe kinakukatalia: binti wa bwana alizaliwa na mtumwa, na mtumwa huyo alikuwa mtu mweupe.

Kuandika kuhusu dini bila kutoa hukumu

Karibu na mwisho wa tawasifu, baada ya safari ya mwaka 1885 alipoiona tena Zanzibar akiwa pamoja na meli za Kijerumani, Salme anasema kwamba aliondoka kwao akiwa Mwarabu kamili na Mwislamu mwema, na sasa amekuwa Mkristo mbaya na Mjerumani wa zaidi kidogo ya nusu. Watu walimsalimia kwa furaha mitaani, lakini Barghash alikataa kumwona. Aliondoka bila urithi alioudai. Kwa sheria ya mirathi ya Kiislamu aliyeritadi hamrithi Mwislamu, na Wajerumani kwa upande wao walimtumia kama kadi ya mazungumzo, wakamwacha haja yao ilipokwisha.

Msomaji Mwislamu huenda akaona kwamba jambo la kwanza kusemwa ni kwamba alikosea, na msomaji Mkristo akaona kwamba jambo la kwanza ni kwamba alionewa. Ninashauri wote wawili wasogeze kauli hizo mbali na mwanzo wa maandishi yao. Msomaji anaijua hukumu ya dini yake bila msaada wako, na ukianza nayo utamfunga masikio nusu ya wasomaji wako kabla hujasema lililo lako. Anza na vitendo. Watu wengi wa nchi zetu wana ndugu wa dini tofauti na yao: shangazi aliyebatizwa ili aolewe Moshi, mjomba aliyesilimu Tabora, watoto wa mama mmoja ambao nusu yao wanafunga Ramadhani. Andika kilichotokea kwao hasa. Nani alihudhuria harusi na nani alibaki nyumbani? Alipofariki, nani alimwosha, nani alisimama mbali na kaburi, na matanga yaliwekwa katika nyumba ya nani? Mirathi iligawanywaje? Mambo kama hayo yanaeleza uzito wa kubadili dini ndani ya ukoo kuliko aya tatu za maneno kama uvumilivu na utambulisho.

Ikiwa ukoo wenu haujawahi kupatwa na jambo hilo, usilitafute kwa nguvu. Unaweza kuishia kwenye lile neno la Salme la kuwa Mkristo mbaya, na kueleza kwa nini linakusumbua au linakufariji. Imani yako mwenyewe inaweza kutajwa wazi, kwa sentensi moja isiyo na majivuno wala kuomba radhi, ili msomaji ajue ni nani anayezungumza.

Umbo, mwanzo na lugha

Maneno 1,000 hadi 1,500 yanatosha. Chagua mahali pawili katika kitabu, au patatu kwa wingi, na mengine yote yaliyomo katika daftari yaache humo. Muhtasari wa maisha ya Salme usizidi aya moja. Anayetaka zaidi atasoma kitabu. Unaponukuu, nukuu kifupi, useme ni tafsiri ya lugha gani unayoitumia, kwani anayesoma kwa Kiingereza yuko hatua moja mbali na Kijerumani cha mwandishi, na Kijerumani chenyewe kiko mbali na Kiarabu na Kiswahili cha utoto wake.

Mwanzo dhaifu husomeka hivi: "Kitabu hiki kimenigusa sana kwa sababu kinazungumzia rangi, dini na familia, mambo ambayo sote tunakutana nayo." Sentensi hiyo inaweza kubandikwa kwenye kitabu chochote duniani. Tuseme mwandishi wa Pemba ameamua kuanza na lile jino la Jilfidan. Anaweza kuandika hivi:

"Salme anasimulia kwamba mama yake aling'oka jino la kwanza katika nyumba ya mtu aliyemmiliki. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Kwetu Wete, hadithi ya bibi mzaa babu inaanza akiwa mtu mzima, ameshaolewa, ana mikarafuu yake. Hakuna anayejua aling'okea meno wapi. Jina lake lilikuwa jina la manukato, na wazee wa kwetu wanajua ni wanawake gani waliopewa majina ya aina hiyo, ila hawasemi. Salme alijua mama yake alitoka wapi na akaliandika hilo ili watoto wake wasilisahau. Sisi tulisahau kwa makusudi, na nadhani tulifanya hivyo kwa mapenzi."

Angalia jinsi kitabu na ukoo vinavyojibizana katika aya hiyo. Jino ni la kitabu, ukimya ni wa Wete, na kila kimoja kinakifanya kingine kionekane vizuri zaidi. Mwandishi hajasema kwamba ameguswa, wala hajamwambia msomaji afikiri nini kuhusu utumwa. Pia amebaki na jambo la kutafuta katika aya zinazofuata, yaani kwa nini mwanamke mmoja aliandika na ukoo mwingine ukanyamaza. Sehemu ya jibu huenda ikawa kwamba Salme alijifunza kuandika kwa siri, akinakili herufi za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia, katika nyumba ambayo wasichana walifundishwa kusoma tu. Sehemu nyingine ni kwamba alikuwa na jina ambalo Ulaya ilitaka kulisikia. Mwandishi wa Pemba akiyaweka hayo mawili mezani, ameshapata kiini cha maandishi yake.

Kuhusu lugha, tumia maneno ambayo watu wa kwenu wanayatumia kwa mambo haya, pamoja na yale yasiyopendeza. Suria, mjakazi, mtwana, mzalia, mwungwana na chotara ni maneno yenye majeraha, na kuyabadilisha kwa maneno laini ya semina kutayaficha majeraha hayo bila kuyaponya. Yaandike pale yalipotamkwa, pamoja na walioyatamka, na katika sauti yako mwenyewe useme mtu aliyetumikishwa au mtu aliyeuzwa ikiwa ndivyo unavyoona ni haki.

Watu walio hai

Salme aliandika kuhusu kaka aliyekuwa bado anatawala, dada waliokuwa bado hai na ugomvi wa mwaka 1859, Barghash alipomwasi kaka yao Majid aliyekuwa Sultani, ambamo yeye mwenyewe, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa mwandishi wa barua za waasi wa upande wa Barghash. Hakuwaomba ruhusa, na hakuwa na namna ya kuiomba. Wewe unayo. Asili ya utumwa, ndoa iliyovunjika kwa ajili ya dini na mtoto aliyezaliwa nje ni mambo ambayo bado yanaweza kumvunjia mtu posa au heshima mtaani, kwa hiyo msomee jamaa anayehusika sehemu inayomtaja kabla mtu mwingine hajaiona. Msomee kwa sauti, ana kwa ana inapowezekana, kwa sababu mzee ambaye hangejibu ujumbe wa simu ataweza kukukatiza na kukusahihisha, na masahihisho hayo mara nyingi ni bora kuliko ulichokuwa umeandika.

Akikataa jina, toa jina na mtaa. Akikataa kisa chote, kiondoe, kisha utazame kama mwitikio bado unasimama kwa mahali pengine ulipopachagua katika kitabu. Kama hausimami, subiri; weka maandishi na daftari pamoja, uandike tarehe ya mazungumzo na maneno aliyoyasema mzee, ili atakapobadili nia, au atakapokuachia mwenyewe uamuzi, usilazimike kutegemea kumbukumbu yako peke yake.